Jina la Mlezi: Hana

4 Februari

Dada,

Pokea salamu za wote unaowakumbuka na za wengine uliokwisha kuwasahau. Huku tu wazima. Wifi yako ana jino lililomvimbisha shavu, siku ya tatu leo haongei, nami sijui kama nimpe pole au nijipe pongezi. Mwanangu wa kwanza amefaulu hesabu. Wa pili kaikalia miwani yangu, na anashikilia kwamba ilivunjika yenyewe. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Dada, unamjua Mama. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye mitambo, akiunganisha simu za mji mzima na kusikiliza kila kitu, hataki hata neno moja la nyumbani kwake lipite kwenye waya. Kwa hiyo tuvumiliane na posta.

Sasa jambo lenyewe. Safu yetu ya maduka imepata Chama!

Ilianza hivi. Yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tunayemwita Saruji, alisafiri kununua mabati. Huko alikokwenda akakuta wafanyabiashara wana chama cha huduma. Wanavaa beji, wanapanda maua, wanatembelea wagonjwa, na wakipita barabarani watu wanawapisha. Alirudi na mabati yake lakini hakuwa na raha tena. Akatuita wote: mimi na duka langu la mihuri na kupiga chapa, Dakta wa duka la dawa (si daktari, ila ana koti jeupe), Kioo mkata vioo, na mwenye mashine ya kusaga, ambaye nguo zake zikiwa safi hatumtambui. Saruji akasema, "Jamani, tumekaa jirani miaka kumi na tano na hatujamsaidia mtu yeyote."

Tulijadili kwa saa mbili nani asaidiwe. Hatukuafikiana. Tukaafikiana kwamba Chama lazima kiwe na muhuri, na kazi hiyo nimeifanya mwenyewe. Ni wa duara, wenye mikono miwili inayosalimiana katikati. Kuna kakasoro kadogo tu. Unajua muhuri huchongwa kinyume ili ukigonga usome sawa. Maandishi nilikumbuka kuyageuza, mikono nikasahau. Kwa hiyo inasalimiana kwa kushoto. Dakta alishtuka, lakini tumekubaliana kuwa ni alama ya unyenyekevu.

Mahali pa mikutano pamepatikana, tena pazuri mno: chumba kikubwa chenye madirisha mawili ya barabarani. Viti ishirini vinaingia bila kusukumana.

Unakuja lini? Mama anauliza.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta salama, na nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Huku joto bado kali. Goti langu moja linafanya kazi, la pili linasaidia inapobidi. Mpe pole wifi yangu. Mwambie akisukutua kwa maji ya chumvi jino litatulia, na akipona asiseme yote kwa siku moja.

Hongera kwa Chama. Watu watano kukaa saa mbili bila kugombana si jambo dogo, hata kama matokeo yake ni muhuri.

Nina swali moja tu, nalo ni la mtu aliyezoea masjala, anayependa kila faili liwe kwenye rafu yake. Katika mtaa wetu mzima mimi nakijua chumba kimoja tu chenye madirisha mawili ya barabarani. Ndimo tulimozaliwa. Ndimo Mama alimosema atakaa mpaka atolewe kwa jeneza, kwa sababu akiketi dirishani anasikia nani amepita na nani amekohoa.

Mama analala wapi?

Mimi kuja, ningekuja hata kesho, ila kazi imenibana. Masjala bila mimi watapoteza hata mlango. Labda katikati ya mwaka.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Si uvivu, ni katiba.

Kwanza ya nyumbani. Jino limeng'olewa na wifi yako ameyafidia maneno yote ya mwezi wa pili. Watoto wazima. Mama hajambo, kelele za barabarani hazimsumbui tena siku hizi, na hilo limempa utulivu. Hatoki sana, nadhani ni uzee tu.

Katiba sasa. Ina vifungu thelathini na kimoja, vyote nimevipiga chapa mwenyewe, herufi za vichwa zimekolezwa wino. Kifungu cha pili kinasema mwanachama lazima awe mwenye biashara iliyo na bango. Tulidhani ni kifungu kisicho na ubishi, mpaka akatokea Mama Pasi. Ni yule dobi anayepiga pasi kwenye kibaraza kati ya duka langu na la Kioo. Alisimama mlangoni na pasi yake ya mkaa mkononi, ikifuka, akasema, "Na mimi nataka kuhudumia."

Saruji akamwambia kwa upole, "Mama, huna bango."

"Bango la nini? Nguo zenu zote mlizovaa hapo nimezinyoosha mimi."

Ilikuwa kweli, lakini kweli haikuwa kwenye katiba. Akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata mashati yetu yote yalirudi na mkunjo mmoja mgongoni, palepale mtu asipopaona.

Habari kubwa nimeiweka mwisho makusudi. Umeketi? Nimechaguliwa Mlezi wa Chama! Mwenyekiti ni Saruji, katibu ni Dakta kwa sababu ya koti, lakini Mlezi ndiye aliye juu ya wote. Mlezi hasemi ovyo. Mlezi huidhinisha. Hakuna karatasi ya Chama inayokuwa halali bila sahihi yangu na muhuri. Nilipomwambia Mama kwamba mwanawe sasa ni mlezi, aliuliza, "Wa nani?" Nikamweleza kwamba ni wa Chama. Akasema, "Haya, hongera." Nafikiri alifurahi.

Mdogo wako (Mlezi)


20 Aprili

Mlezi,

Huku salama. Goti lile zima nalo limeanza kudai mapumziko.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Nimekuta vifungu thelathini na kimoja, jino moja na pasi moja. Mama analala wapi sikupaona.

Ngoja basi nijibu mwenyewe, nawe ukatae kama nimekosea. Umemhamishia chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tukiweka baiskeli na magunia. Mlango wake una ngazi tatu kushuka uani na hakuna pa kushika. Mimi nilianguka pale nikiwa na miaka tisa, alama iko hadi leo kwenye kidevu. Nilikuwa naona vizuri. Mama macho yake yana ukungu.

Kinyozi hajinyoi, tulifundishwa. Lakini angalau kinyozi hujua kwamba nywele zake ni ndefu.

Dada yako


15 Mei

Dada,

Salamu. Sote wazima. Barua yako imefika, na nimeinyamazia wiki nzima ili nisijibu kwa hasira. Wiki imekwisha na hasira ipo, basi tuandikiane nayo.

Ndiyo, Mama yuko chumba cha nyuma. Nilimwomba, akakubali. Nilimwambia ni kwa ajili ya mikutano tu, siku mbili tatu kwa mwezi. Viti vikawa vizito kuvihamisha kila mara, vikabaki. Kuna kivuli kule, kuna ukimya. Kila asubuhi nikienda dukani nasimama dirishani nauliza, "Mama, u mzima?" naye anajibu, "Mzima, mwanangu, nenda kazini." Sasa ulitaka nifanye nini, nimpimie mapigo ya moyo?

Fimbo ya mbali haiui nyoka, Dada. Mwaka wa nne huu unaniambia kazi imekubana. "Katikati ya mwaka." "Baada ya ukaguzi wa mafaili." "Goti likipoa." Kila barua ina sababu mpya, na Mama hunisomesha kila moja mara mbili, kisha huniambia niikunje vizuri. Mimi ninayekosea angalau nakosea nikiwa hapa.

Nimemaliza. Tusameheane, tuzungumze ya maana.

Chama kinaanza huduma! Kila mwanachama, isipokuwa Mlezi, ametafuta mhitaji mmoja katika umbali wa kutembea kwa miguu. Ili kusiwe na upendeleo, tumekubaliana wahitaji wasitajwe majina. Nimebuni fomu: juu ina namba, katikati kuna maelezo, chini kuna sahihi ya Mlezi. Sehemu ya katikati hukunjwa na kupigwa pini kabla haijaletwa kwangu. Kifungu cha tisa kinasema Mlezi asijue anamwidhinisha nani, ili moyo wake usiegemee upande. Kwa hiyo nimeziidhinisha fomu zote nne nikiona namba tu. Ilikuwa siku nzuri. Mistari imenyooka na wino haujavuja hata mahali pamoja.

Kura ya siri imemwangukia Mhitaji Namba Nne. Jumamosi ya tarehe 14 Juni tutaandamana hadi kwake, tarumbeta mbili na ngoma, tumkabidhi msaada. Mimi nitatoa hotuba. Nimeiandika tayari, inahusu watoto wanaowatelekeza wazazi. Dakta aliisoma na machozi yakamlenga.

Sasa ombi. Kifungu cha kumi kinataka nakala za fomu zihifadhiwe mbali na Chama, kwa mtu asiye na maslahi yoyote. Tulikaa tukafikiri ni nani, nikakutaja wewe. Wote wakakubali mara moja. Naambatanisha nakala nne, zikiwa bado na pini. Wewe si mwanachama, ukitaka kufungua hakuna kifungu kinachokukataza. Tazama tu jinsi mistari ilivyonyooka.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu leo. Barua yako ilikaa siku kumi na saba njiani, na ninaandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya posta ili hii iwahi gari la mchana. Mungu aijalie ikufikie kabla ya tarehe kumi na nne.

Nimefungua pini. Namba moja ni mzee wa mguu mmoja, namba mbili ni mjane mwenye paa linalovuja, namba tatu ni watoto wanaovuka mtaro kwenda shule. Namba nne ninakunakilia kama ilivyo, kwa mwandiko wangu, maana nyaraka nilizokabidhiwa sitakiwi kuzitoa:

"Mhitaji Namba 4. Mama mzee, miaka sabini na sita. Macho yana ukungu. Zamani alikuwa akifanya kazi ya simu. Anakaa chumba cha nyuma, ngazi tatu, hazina pa kushika. Mwezi wa tatu alianguka, hakumwambia mtu wa nyumbani. Tangu hapo hatoki, ila akija dobi kumshika mkono. Watoto: wawili, mmoja karibu, mmoja mbali. Jina la mlezi: Hana."

Na chini yake, palepale chini ya neno hilo: "Imeidhinishwa na Mlezi." Sahihi yako, ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho unaoupenda. Muhuri wako wa mikono miwili ya kushoto.

Mdogo wangu, alianguka. Mwezi wa tatu alianguka na kila asubuhi akakwambia mzima, nenda kazini.

Usiandamane. Usisome hotuba ile. Nenda kwake peke yako, leo hii ukipata barua, kabla ya tarumbeta.

Na usidhani nimefungua fomu hii nikiwa nimekaa juu ya kiti cha hakimu. "Mtu asiye na maslahi yoyote," mliandika, na wote mkakubali mara moja. Nilicheka kwanza. Kisha nikasoma "mmoja mbali", nikakaa chini palepale sakafuni, na goti zima ndilo lililonigomea kuinuka.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Barua yako imefika leo asubuhi, siku ya pili baada ya tarumbeta.

Nakueleza yote maana hakuna mwingine ninayeweza kumweleza. Wanachama wananiona shujaa, wifi yako haniangalii usoni, na huu si ububu wa jino.

Jumamosi tulikusanyika mbele ya duka la Saruji, mashati meupe, beji kifuani. Kioo ndiye aliyekuwa anaongoza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta Namba Nne. Saruji na mwenye mashine walibeba bomba la chuma lililopakwa rangi ya buluu, la kushikia mtu akishuka ngazi. Mimi nilitangulia na hotuba yangu. Watu walitoka madukani, watoto wakafuata ngoma. Dada, nilikuwa na furaha, sikufichi. Nilikuwa nikijiona.

Tukakata kona ya mtaa wetu. Nikafikiri Kioo anapitia njia ya mkato. Tukasimama langoni kwangu. Nikafikiri wamekuja kuchukua bango lililobaki chumba cha mikutano. Nikamnong'oneza, "Fanyeni haraka, mhitaji anatungoja." Kioo akanitazama, akasema, "Si ndio tumefika?"

Hata hapo sikuelewa. Nilielewa walipoupita mlango wa mbele wakazunguka kwenda uani.

Mama alikuwa ameketi ngazi ya juu kabisa. Gauni lake la kijani limenyooshwa hata mishono inaonekana. Mama Pasi kasimama pembeni yake, amemshika mkono. Mama akainua uso kuelekea kwenye kelele, akasema, "Ni nani hao wengi hivyo? Mmoja mmoja, jamani, nitawaunganisha wote."

Watu wakacheka kwa upendo. Tarumbeta zikanyamaza. Saruji akanigusa kiwiko: "Mlezi, hotuba."

Nikasoma. Sikuwa na maneno mengine, Dada, nilikuwa na yale tu yaliyokuwa mkononi. Nikasoma kwamba tumekuja kwa mama ambaye dunia imempa kisogo. Nikasoma kwamba wako watoto wanaoshiba huku mlango wa pili mzazi anapapasa ukuta. Kufika hapo sauti ikawa inanitoka nyembamba, na Mama akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya kule kwenye mitambo, na vile vidude vya masikioni vya kusikilizia simu. Akamwuliza Mama Pasi, wala si kwa kunong'ona, "Sauti hiyo si ya wangu?"

Mama Pasi akasema, "Ndiye."

"Anasema vizuri," akasema Mama. "Nani aliyemuudhi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikaikunja hotuba ikiwa imebaki kurasa mbili.

Dakta, ambaye hajui kunyamaza wakati wa kunyamaza, akatoa hati ya kupokea msaada ili mambo yaende kwa utaratibu. Akasema mhitaji haoni vizuri, basi mlezi wake amwekee sahihi, halafu Mlezi wa Chama aweke ya kwake. Akasoma fomu. Akafika penye "Hana". Akakwama, akanitazama, akaitazama tena fomu.

Mama akauliza, "Mnamtafuta nani?"

"Mlezi, mama," Dakta akasema.

"Mlezi gani?"

Mama Pasi akanishika bega akanisogeza mbele. "Wa Chama ni huyu hapa."

Mama akanyoosha mkono akanipapasa uso, akaanzia kidevu kama anavyofanya siku hizi. "Huyu?" akasema. "Huyu nimemlea mimi. Kama mnataka mlezi, mlezi ni mimi. Nipeni hiyo kalamu."

Akaweka sahihi yake kwenye mstari wangu, Dada. Ikapanda juu ya muhuri, ikapita katikati ya ile mikono miwili.

Bomba limefungwa. Lina kibao kinachosema "Kwa hisani ya Chama", kikubwa kuliko bomba lenyewe, na Mama anaanikia sweta lake hapo.

Jioni nilimwuliza Saruji kwa nini hakuna aliyeniambia. Alishangaa kweli. "Tulidhani unajua, hata kama kuna kifungu cha tisa! Tulisema, tazama huyu mtu, anamwacha mama yake asaidiwe mbele za watu kama mhitaji mwingine yeyote, hana upendeleo. Tumekusifia mwezi mzima." Watu wengine wote waliingia kwenye Chama wakijua wanachokifanya, ila mimi.

Nimejiuzulu. Lakini kifungu cha ishirini na nne kinasema barua zote za kujiuzulu ziwasilishwe kwa Mlezi. Basi nimeipokea, na Mlezi bado anaitafakari.

Viti nimevitoa jana. Nilianza peke yangu, wakaja wote watano bila kuitwa, Mama Pasi akiwa wa kwanza. Yeye ni mwanachama sasa. Nimemchongea bango kwa mikono yangu. Nafikiri kule kubeba viti ndiko huduma yetu ya kwanza, ingawa hakukupigwa muhuri. Chumba cha mbele kimebaki kitupu, nimekifagia, kitanda kimerudi chini ya dirisha. Mama amekuja akakigusa, akaketi kidogo, kisha akarudi kule nyuma. Amesema atahama akijisikia. Simlazimishi.

Nilimwuliza kwa nini alisema hana mlezi. Nilimwuliza nikiwa nimekaa ngazi ya chini, yeye ya juu.

Akasema, "Niliulizwa jina la mlezi. Mlezi wangu alikuwa mama yangu, naye alikwisha kufa. Nilitakiwa niseme nini? Kama walitaka kujua nani ananitazama, wangeuliza hivyo."

Nikamwuliza, "Na wangeuliza hivyo, ungewajibu nini?"

Alilipapasa bomba, Dada. Kisha akasema, "Ningewaambia wasubiri kwenye laini. Laini zote mbili zina shughuli."

Sina la kuongeza. Nimeona nikuandikie kama alivyosema.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea, na maneno ya Mama nimeyasoma mara mbili.

Nilitaka kukuandikia kurasa nyingi za lawama, kisha nikaona nina fomu moja tu ya kujaza, nayo ni yangu. Mimi masjala sifanyi kazi tena. Mwaka juzi mwezi wa nane walinistaafisha, wakanipa saa ya ukutani na keki. Masjala ipo, mlango wao hawajaupoteza. Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikikuandikia kwamba kazi imenibana, nikiwa nimekaa chumbani naitazama saa hiyo. Mwanzoni niliona aibu kurudi mikono mitupu. Baadaye niliona aibu kwa sababu nimechelewa. Kila mwezi nilioahirisha uliifanya safari ya mwezi uliofuata iwe ndefu zaidi. Nilikuwa nikikukaripia wewe kwa ngazi tatu, mimi nikiwa nimeshindwa kupanda treni moja.

Ulisema wewe unakosea ukiwa hapo. Nimeumia, kwa kuwa ni kweli.

Nakurudishia nakala za fomu. Sistahili tena kuzitunza, nina maslahi. Mwambie katibu wenu atafute mtu mwingine. Kwenye namba nne nimefanya kosa ambalo katika miaka thelathini ya masjala sikuwahi kulifanya: nimeandika ndani ya waraka wa watu. Nimefuta neno moja, nikaandika majina mawili. La kwako limetangulia, maana wewe uko karibu.

Tiketi nimekata. Nitafika Alhamisi ya tarehe 17, treni ya saa nne asubuhi. Msije na tarumbeta. Msije na bango. Njoo wewe peke yako, tena usivae beji, na uje na baiskeli ya mizigo kwa sababu ya hii saa ya ukutani. Nataka iwekwe mahali Mama atakapoisikia.

Mwambie laini moja imefunguka. Mwambie apange mwenyewe chumba anachokitaka. Akirudi mbele kwenye madirisha yake, mimi nitalala cha nyuma. Ngazi zile nazijua, na bomba lipo.

Dada yako